Mama Mkubwa wa Mkurugenzi

Idara ya Uratibu wa Wageni wa Siku Moja inayo furaha kuutangazia umma kwamba nyuki wote waliokuwa wakiishi kinyume cha utaratibu katika dari ya ofisi ya Mkurugenzi wameondolewa. Zoezi lilianza na kumalizika siku hiyohiyo, na hasara ilikuwa ndogo: nyuki wapatao arobaini na Mkurugenzi mmoja.

Hayo ndiyo maneno niliyoyabandika kwenye ubao wa matangazo kwa mkono wangu, mimi Naibu Mkurugenzi, kwa pini nne. Watu walisimama wakasoma, kisha wakatazamana. Kwa kuwa ubao hauna nafasi ya maelezo, na kwa kuwa maneno ya mitaani hayana breki, naona ni wajibu wangu kusimulia mambo yalivyokwenda, bila chumvi.

Kwanza niseme kazi yetu. Kila alfajiri watu wa mashambani huja mjini kutafuta riziki na jioni hurudi kwao: wabeba mizigo, wachimba mitaro, wafua nguo, wauza maziwa, mafundi wa kila namna. Zamani waliingia tu kama upepo. Mkurugenzi alipoteuliwa aliona kasoro ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameiona: watu hawa walikuwa wakifika kazini mapema mno, tena bila kupitia kwa mtu yeyote. Akaanzisha Kibali cha Kazi ya Siku Moja. Kina kurasa sita. Huzaliwa asubuhi, hufa saa kumi na mbili jioni, na hakina uhai wowote mpaka kitiwe saini na Mkurugenzi mwenyewe. Si naibu, si kaimu. Mwenyewe.

Jengo letu limekaa mpakani kabisa, na lina milango miwili. Mmoja unatazama uwanja wa mabasi yatokayo mashambani, wa pili unafungukia mjini. Kati ya mlango na mlango pana ukumbi, mabenchi, madirisha manne yenye nondo, na juu yake ghorofa tano ambazo kazi yake ni kuyasimamia hayo madirisha manne.

Nyuki walihamia ghorofa ya tano, juu ya meza ya Mkurugenzi, bila barua. Tuliunda kamati. Kamati ikapendekeza wapewe notisi ya siku thelathini, nasi tukaibandika darini. Siku thelathini zikapita, nyuki wakaongezeka. Asali ilipoanza kudondokea mafaili, mafaili yakawa hayafunguki, jambo ambalo kwa miezi miwili hakuna aliyelitambua. Hatimaye tone likaangukia kipara cha Mkurugenzi katikati ya kikao. Ndipo ikaamuliwa aitwe mtaalamu.

Mtaalamu tuliyempata ni mwanamke wa makamo, mrina asali, anayekaa mwendo wa saa mbili kwa basi. Mimi ndiye niliyemwandikia. Nilimweleza kwamba Idara haina fungu la nyuki, kwa hiyo ujira wake utakuwa nyuki wenyewe. Nilidhani atakataa. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba atakuja Jumatano.

Sababu ya kukubali niliijua baadaye. Mumewe ndiye aliyekuwa akitundika mizinga miaka yote. Wiki sita kabla, alianguka kutoka mtini akiwa ameukumbatia mzinga, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo alikuwa amelala mkekani akihesabu boriti za paa. Siafu wakaingia kwenye mizinga, makundi matatu ya nyuki yakahama. Miti ilikuwa inakaribia kuchanua, na mzinga mtupu wakati wa maua ni sawa na mtego uliosahauliwa nyumbani. Alihitaji nyuki kama mtu anavyohitaji mbegu mvua ikiwa imeshatanda. Siku hiyo alimwacha mumewe mikononi mwa wifi yake, na wifi alimwambia wazi kabla hajatoka: mimi nina watoto wangu, jua likizama nakwenda kwangu. Kwa hiyo ilikuwa lazima awahi basi la mwisho la kwenda kwao, la saa kumi jioni.

Saa moja asubuhi alikuwa ameshafika ukumbini. Alikuwa na sanduku la mbao lenye matundu, kisu, kopo la kutolea moshi, unyoya mmoja wa kuku na kifurushi cha magome makavu. Mlinzi wa mlango, mzee mwenye utii wa kijeshi ambaye hajawahi kuvunja waraka hata kwa bahati mbaya, aliandika daftarini: sanduku moja, tupu, linanukia. Magome akayazuia. Kuingiza kuni serikalini ni kosa.

Kisha akasimama kwenye foleni ya dirisha namba tatu.

Huko ndiko kulikojitokeza kile ambacho sisi wataalamu hukiita changamoto. Orodha yetu ina kazi mia moja na kumi na mbili, na kurina asali haimo. Karani wa dirisha, dada mmoja mwenye subira isiyo ya kawaida serikalini, alijaribu kumweka kwenye ufugaji. Lakini ufugaji ni wa watu wanaoingiza mifugo mjini, na huyu alikuja kuitoa. Akajaribu usafi wa dari, ikaonekana wasafishaji wa dari lazima wawe na ngazi yao wenyewe, iliyopimwa. Mwisho akaona kazi namba themanini na saba, kuhamisha wapangaji, akafurahi. Kisha akamsomea kipengele cha chini: wapangaji wote waridhie kwa alama ya kidole gumba.

Mrina asali alisikiliza yote hayo kwa adabu. Akauliza kama anaweza kukaa kitako.

Wakati huo Mkurugenzi alikuwa juu akisaini vibali vya siku hiyo, haraka haraka, kama mtu anayepukuchua mahindi. Saa tatu alimaliza rundo lote, wageni wakaachiwa wakaenda kazini mjini. Akaniuliza yule mtu wa nyuki yuko wapi. Nikamjibu kwamba anashughulikiwa.

Sasa Mkurugenzi wetu ana sifa nyingi, ila hakuzoea kusubiri. Kusubiri ni kazi ya wageni. Alizunguka meza mara mbili, akatazama dari, akasema kwamba kiongozi wa kweli hutoa mfano. Akavua koti. Akang'oa fimbo ya pazia. Nilikuwa mlangoni na nilishuhudia. Alipiga dari mara moja, kwa mamlaka yote aliyonayo.

Nyuki walitoka.

Sitaeleza mbio zilizofuata, kwani ni mkubwa wangu. Itoshe kusema kwamba ofisi ina choo chake binafsi, na kwamba sikuwahi kujua anaweza kukimbia vile. Mimi niliufunga mlango wa ofisi kwa nje, kwa usalama wa mali ya umma.

Baada ya dakika kumi simu yangu ililia. Alikuwa anapiga kutoka chooni. Aliniambia baadhi ya nyuki wameingia naye, na wengine wanapita chini ya mlango mmojammoja. Akataka yule mwanamke apandishwe mara moja.

"Mheshimiwa, kibali chake bado," nikamwambia.

"Kinasubiri nini?"

"Saini yako."

Nikasikia maji ya bomba yakitiririka, na kofi, na mtu akivuta pumzi kwa meno.

"Basi natoa amri kwa mdomo," akasema.

Ilinibidi nimkumbushe, kwa heshima zote, Waraka Namba Kumi na Nne alioutunga yeye mwenyewe baada ya mtu fulani kuigiza sauti yake kwenye simu. Waraka unasema amri ya mdomo si amri. Nikaongeza kwamba binafsi sikuwa na shaka kwamba aliyekuwa akizungumza ni yeye, ila shaka yangu haina nafasi kwenye fomu. Alisema maneno ambayo kumbukumbu za Idara hazina haja nayo, akakata simu.

Nilishuka kumweleza mrina asali hali ilivyo. Nilitarajia ashtuke. Aliuliza tu kama mtu huyo amejipaka manukato.

Nikasema Mheshimiwa hujipaka manukato kila siku, na ya kigeni.

"Mwambie ajimwagie maji ayatoe," akasema. "Azime taa, akae chini, asipige kofi hata mmoja. Anayempiga mmoja amewaita mia."

Nilimfikishia Mkurugenzi ushauri huo kama ulivyo, neno kwa neno, nikasisitiza hasa lile la makofi. Akanijibu kwamba hawezi kupangiwa na mtu ambaye hana hata kibali. Nikasikia kofi jingine.

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Niseme ukweli kwamba kazi za Idara hazikusimama. Nilikalia kiti cha ofisi ya ghorofa ya nne, nikapokea salamu za Mkurugenzi, nikaahirisha vikao vyake viwili kwa ufanisi mkubwa. Watu walianza kuniita kaimu. Sikuwakataza, kwani kumkataza mtu heshima yake ya moyoni si uungwana.

Mrina asali alikuwa benchi lilelile, sanduku mapajani, akiangalia saa ya ukutani na jua la mlangoni kwa zamu, kama mtu asiyeiamini ile ya ukutani. Saa sita akasimama akanifuata. Hakupaza sauti.

"Baba," akasema, "mtu akiumwa na nyuki wengi anavimba koo. Huyo wenu atafia humo ndani."

Nikamweleza kwamba kwa upande wa vifo utaratibu wetu ni mfupi zaidi, kurasa mbili tu.

Alinitazama kwa muda. Nimetazamwa na watu wengi katika utumishi wangu, lakini hilo jicho nalikumbuka. Kisha akaniacha nimesimama, akaenda dirishani kwa yule dada, wakainamiana wakanong'ona kama mtu na shoga yake.

Huyo karani ndiye wa kulaumiwa, au wa kusifiwa, kutegemea nani anasoma. Alimuuliza yule mama: kibali ni cha kufanya kazi, sivyo? Na wewe ukipanda juu kumjulia hali mgonjwa, hiyo ni kazi? Akafungua droo ya chini akatoa karatasi moja, Fomu ya Ziara ya Kifamilia, ambayo haihitaji saini ya mtu yeyote kwa sababu alipoitunga Mkurugenzi hakufikiri kwamba watu wa shamba wana ndugu mjini. Inauliza mambo mawili tu: unamtembelea nani, na ni nani wako.

Kwenye nafasi ya kwanza wakaandika Mkurugenzi. Kwenye ya pili mama akasita. Akasema hapendi uongo. Karani akamwambia, "Mama, kwa umri wako na wake, angezaliwa kwenu ungekuwa nani kwake?" Akafikiri. Akasema mama mkubwa. Karani akaandika mama mkubwa, akagonga mhuri. Saa saba kasoro dakika tano Mkurugenzi wetu akapata shangazi, samahani, mama mkubwa, kihalali.

Nilipouona mhuri niliwapisha. Mhuri ni mhuri.

Ilibaki suala la moshi. Magome yake yalikuwa yamezuiliwa, na bila moshi, alisema, hagusi dari. Aliuliza kama hatuna kitu chochote kikavu kisicho na maana. Nikampeleka chumba cha kumbukumbu, ambako kuna maombi yaliyokataliwa ya miaka saba, yamefungwa kwa kamba na kupangwa hadi juu. Alichukua kifungu kimoja tu. Yaliwaka taratibu na kutoa moshi mzito, mtulivu. Alisema hajawahi kupata karatasi zilizokauka kiasi kile.

Nilimfungulia mlango wa ofisi, nikaufunga haraka, nikabaki kutazama kupitia kioo.

Nimehudhuria semina nyingi za utendaji. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile. Hakuvaa chochote cha maana zaidi ya khanga aliyojitanda usoni. Aliingia polepole kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Alipuliza moshi chini, kisha katikati, kisha juu, akasubiri. Ile ngurumo ikapungua. Akapanda juu ya meza ya Mkurugenzi akiwa peku, juu ya mafaili, akabandua ubao wa dari kwa kisu, na humo ndani masega yalikuwa yamening'inia moja nyuma ya jingine, marefu, ya rangi ya dhahabu iliyoiva. Alikuwa akiwasemesha. Sikusikia maneno. Alikata sega moja baada ya jingine akayafunga kwa uzi ndani ya sanduku. Kisha akatumia ule unyoya kufagia nyuki kidogo kidogo kuelekea mkononi, akaingiza vidole viwili kwenye fungu lao na kumtoa mmoja, mrefu kuliko wengine, malkia wao. Akamtia sandukuni.

Akaliweka sanduku wazi juu ya meza, akashuka, akakaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, akangoja.

Nyuki wakaanza kuingia wenyewe. Wale wa ukutani, wa pazia, wa taa, walishuka na kupanga mstari kwenye tundu, wakaingia. Hapakuwa na namba, wala dirisha, wala mtu wa kuwagombeza. Nilitaka kuangalia saa yangu nikasahau.

Saa tisa na robo alifunga tundu kwa kitambaa, akagonga mlango wa choo.

"Toka mwanangu," akasema. "Wamekwisha."

Aliyetoka sitaki kumwelezea sana. Macho hayakuwepo, palikuwa na mikunjo miwili tu. Mdomo wa juu ulikuwa umefika puani. Masikio yalisimama pembeni kama mikono ya sufuria. Alijaribu kunifokea, lakini ulimi ulikuwa umejaa mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayeongea ndani ya mto. Mama akamshika mkono wakashuka ngazi ghorofa zote tano, kwani lifti huhitaji kadi na kadi ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limegandia kitini kwa asali.

Mkurugenzi alielekea moja kwa moja mlango wa mjini. Alitaka kwenda hospitali, kisha kwake. Mlinzi akanyoosha mkono.

Karani alikimbilia koti juu akarudi na kadi. Mlinzi aliifuta asali, akaivuta mbali na macho, akaisogeza karibu, akamtazama mtu aliye mbele yake.

"Picha hii ina macho mawili," akasema. "Huyu hana."

Mkurugenzi akatoa sauti. Mlinzi akaomba arudie. Akarudia. Mlinzi akasema kwamba yeye kama yeye hana ubaya na mtu, lakini Waraka Namba Tisa unasema uso na picha visipofanana mwenye uso arudishwe alikotoka, na kwamba aliyeuandika waraka huo ni mtu mkali, tena yuko juu chooni, anaweza kushuka wakati wowote. Hata hivyo, akasema, Naibu akithibitisha itatosha.

Wakanigeukia.

Niliitazama picha. Niliutazama uso. Nilijua fika ni yeye. Lakini nilikumbuka pia kiti cha asubuhi, na zile salamu, na jinsi neno kaimu linavyosikika likisemwa na watu wengi kwa pamoja. Nikajiuliza: kwa viwango vya Idara, je, hivi vitu viwili vinafanana? Mimi ni mtumishi wa umma, si mchawi. Nikaandika: utambulisho haujathibitika.

Mlinzi akafungua daftari kuangalia mtu asiyetambulika hukabidhiwa kwa nani. Hukabidhiwa kwa ndugu wa karibu aliyeandikishwa. Ndugu aliyeandikishwa alikuwa mmoja tu, na mhuri wake ulikuwa bado haujakauka vizuri.

Mrina asali alikuwa ameshabeba sanduku lake begani, tayari kwa safari.

"Nimekuja kuchukua nyuki," akasema. "Mtu sikumwomba."

Nikamwambia ni kwa mujibu wa waraka. Akatazama saa ya ukutani, akatazama jua, na nje dereva wa basi alikuwa amewasha injini. Akamtazama yule mtu aliyevimba, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeshika ncha ya khanga ya mama. Akahamishia sanduku bega la pili.

"Twende," akamwambia. "Kuna mwingine kitandani, utakuwa wa pili."

Mlinzi aliandika: wametoka mama mkubwa mmoja, mtoto wa dada mmoja, sanduku moja. Akauliza idadi ya nyuki. Mama akasema malkia mmoja na jamaa zake. Ikaandikwa hivyo.

Karani alisimama mlangoni mpaka basi likapotea. Mimi nilipanda juu kukalia kiti cha Mkurugenzi, nikakuta kina koti lake.

Yaliyofuata nilidhani yangekuwa rahisi. Kesho yake wageni walikuja kama kawaida, wakajaza fomu, fomu zikapanda juu, nikashika kalamu. Hapo nikakumbuka: si naibu, si kaimu. Nikaiweka kalamu chini. Wageni wakangoja hadi saa kumi, wakarudi kwao. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mjini hapakuwa na maziwa, mitaro ikafurika, majaa yakatembea, nguo za watu wakubwa zikalala kwenye beseni zikianza kuota ukungu.

Siku ya nne Mkurugenzi mwenyewe alikuja na basi la alfajiri. Uso ulikuwa umepungua, macho yote mawili yamerudi, amevaa shati lililofuliwa la mtu mrefu kuliko yeye. Alisimama dirisha namba tatu, karani akamtambua na kumwamkia vizuri. Lakini daftari lilionyesha kwamba ametoka kwenda kwao shamba. Mtu wa shamba huingia kwa kibali. Kibali husainiwa na Mkurugenzi. Akasema atasaini. Karani akamfungulia Waraka Namba Ishirini na Mbili, unaokataza mtu kusaini fomu yake mwenyewe, waraka alioutoa mwaka juzi aliponikamata nikijiruhusu likizo. Aliusoma wote, akaurudia, akakaa benchini. Saa kumi akapanda basi.

Nilimpungia mkono kutoka ghorofa ya nne. Nadhani aliniona.

Alimpigia Waziri. Waziri, ambaye aliwahi kuusifu utaratibu wetu hadharani, akamshauri aufuate. Ila siku ya tisa, uvundo ulipofika kwenye madirisha ya Waziri, alinipigia mimi. Aliniambia nimfuate Mkurugenzi huko aliko, asaini karatasi moja tu ya kufuta nyaraka zote, nirudi nayo siku hiyohiyo. La sivyo na mimi nijitafutie kwetu.

Kwa hiyo nilipanda basi. Sikuwa nimewahi kuiona ile barabara kutoka upande huo.

Nyumba yao niliioneshwa bila shida. Uani palikuwa na harufu ya nta. Mzee, mume wa mrina asali, alikuwa amelala mkekani kwenye baraza, amewekewa mto mgongoni, fimbo mkononi, akiuelekeza mti uliokuwa mbele yake. Na juu ya mti, akiwa amepanda tawi la pili na kamba imemzunguka kifuani, alikuwa Mkurugenzi wangu.

"Kushoto," mzee alikuwa akimwambia. "Kushoto kwako, si kwangu. Sasa funga. Wewe hufungi, unabembeleza."

Mkurugenzi akafunga.

Mama alitoka jikoni, akanikaribisha maji, hakuonyesha kushangaa. Alinieleza kwamba siku ile waliwahi, jua lilikuwa bado halijazama, wifi akacheka mpaka akakaa chini. Usiku kucha alimng'oa miiba kwa kucha, thelathini na kitu. Siku mbili hakuweza kula. Ya tatu akaomba uji. Alipokataliwa kule dirishani alirudi, akakaa na mzee barazani, na kesho yake mzee, ambaye hajapenda kuona mtu mzima amekaa bure, akamuuliza kama anaogopa kupanda. Mizinga kumi na mmoja ilikuwa imeshapanda mitini. Ule wa nyuki wetu ulikuwa tayari unanguruma.

Nikaenda chini ya mti, nikamweleza Mkurugenzi nimekuja na karatasi, Waziri anangoja, mji unanuka, saini ni moja tu na kalamu ninayo.

Alinitazama kutoka juu. Macho yalikuwa mawili kabisa.

"Subiri," akasema.

Nikasubiri. Walimaliza mti huo wakahamia mwingine. Nikamkumbusha. Akaniambia ninashughulikiwa. Basi la saa kumi nililisikia likipiga honi barabarani, nikakimbia, na kondakta akiwa amening'inia mlangoni akaniuliza kibali changu cha kuingilia mjini. Nikamwambia mimi ni Naibu Mkurugenzi. Akasema picha ya huyo Naibu yeye hana. Basi likaondoka.

Niliporudi uani mzee aliniuliza ninajua kazi gani. Nikamtajia uratibu, ufuatiliaji na tathmini. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu, akamgeukia mkewe, akamwambia huyu ashike ncha ya ubao. Nimeishika siku tatu. Mkononi nimetoka malengelenge manne. Kibali sijaulizwa.

Karatasi bado ninayo mfukoni. Mkurugenzi anasema ataipitia maua yakianza.

Leo mchana tulikuwa tunapandisha mzinga wa kumi na nne, mama akiwa juu, Mkurugenzi kwenye kamba, mimi kwenye ubao, tulipoona vumbi, na gari jeusi likasimama kwenye kichaka ambako barabara inaishia. Akashuka mtu mnene aliyevaa suti, akatembea kwa miguu hadi uani, anahema, viatu vimekuwa rangi ya ardhi. Mimi na Mkurugenzi tulimtambua mara moja. Alikuwa Waziri. Alianza kusema kitu kuhusu dharura ya kitaifa.

Mzee alimkatiza kwa kunyoosha fimbo.

"Na huyu," akatuuliza, "anajua kazi gani?"

Mkurugenzi alinitazama. Nami nikamtazama. Tulifikiri kwa dhati, sote wawili, na tumefanya naye kazi miaka mingi.

"Basi ashike ngazi," mzee akasema.

Waziri akaishika.